Shangazi Mlaji anajibu: Menyu kurasa nane, samaki hakuna

Meseji za mwezi huu nyingi ni za wageni, watu wa uhamisho, wanachuo, na wale waliokuja kwa mambo ya korosho, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, wapi nile Mtwara na Lindi nisijute. Nimechagua hizi. Wengine mtanisamehe, hasa yule aliyetaka nimtajie baa zenye wahudumu wazuri, hiyo sio kazi ya shangazi.

"Shikamoo shangazi. Mi nimehamishiwa Mtwara kikazi kutoka Mwanza, nakaa Shangani. Migahawa ya huku ukikaa unaletewa menyu ndefuu, kamba wa kukaanga wapo, ngisi wapo, pweza wa nazi yupo, changu wa kuchoma yupo, af ukianza kuagiza sasa, hiki leo hakuna, kile kimeisha, mwisho wa siku naishia chipsi kuku. Na bahari naiona pale pale nilipokaa! Wananificha samaki au wameniona mgeni?"
Msukuma, Shangani

Marahaba baba, karibu kusini. Hakuna anayekuficha samaki, sema we unasoma karatasi ambayo hata mwenye mgahawa hajaisoma siku nyingi. Menyu nyingi za Shangani ni za enzi za gesi. Kuanzia 2010 hivi mpaka 2014 mji ulijaa makampuni ya gesi, wageni wanakula kamba mchana na usiku, hoteli zinaota kila kona, basi watu wakachapisha menyu za kurasa nane. Bomba la gesi la kwenda Dar likakamilika 2015, makampuni yakapunguza watu, wageni wakaondoka, menyu zikabaki. Sasa mtu ajaze kila kitu kwenye friza kwa wateja gani? Mwenye akili ananunua kilichopo asubuhi, kikiisha kimeisha. Na mi huyo anayeniambia "leo hakuna" ndo namwamini, kuliko yule ambae kila ukienda, mwezi wowote, kila kitu kipo. Kipo tangu lini, hapo ndo pa kuuliza.

Kwa hiyo menyu iweke pembeni, muulize mhudumu "leo Feri wameleta nini?" Hilo swali hawezi kulijibu kwa kukariri, itabidi aende jikoni kuuliza. Feri ndo soko la samaki la Mtwara, pale wanapovukia kwenda Msangamkuu, na jiko lolote la maana hapa mjini asubuhi lina mtu wake pale.

Af jifunze mwezi. Sikutanii. Nyie watu wa ziwani mnajua kabisa dagaa wanavuliwa kwa taa na taa inataka giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanalala. Na huku ni hivyo hivyo, dagaa na vibua uwategemee siku za giza. Pweza yeye anataka bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali mwamba unabaki nje, na kwenye bamvua ya pwani yetu maji kupwa inaangukia kama saa nne asubuhi, basi kina mama wanashuka miambani na vijiti vyao na mchana wanarudi na pweza. Maana yake jioni ya siku hiyo agiza pweza bila wasiwasi. Wiki ya maji mafu, mwezi nusu, ukiletewa pweza ujue kuna uwezekano mkubwa ametoka kwenye barafu. Sio mbaya, pweza mwenyewe ukimgandisha ndo analainika, ila usikubali kuambiwa "huyu wa leo leo mzee". Na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikivuma kwa nguvu, hasa Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo vinashindwa kutoka nje, hapo ukikuta bei ya jodari na nguru imepaa usigombane na mtu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia bahari inatulia, kuanzia Novemba kwenda Machi, hapo ndo ule mpaka uchoke.

Kitu kingine ambacho wageni hawakijui, unaruhusiwa kwenda na samaki wako. Nenda Feri mwenyewe asubuhi, nunua changu au tasi, mpelekee mama ntilie au hata mgahawa mdogo wakupikie, ni kawaida kabisa huku. Mpatane hela ya kupika kabla hajawasha mkaa, na umwambie unamtakaje, wa kuchoma na ndimu, wa kupaka, au mchuzi wa nazi wenye bilinganya. Ukiwa sokoni angalia jicho, liwe limetuna na linang'aa, mashavu yawe mekundu, ubonyeze nyama irudi. Ukikuta nyama laini sana imeachana na mfupa, damu imevilia ndani, uti wa mgongo umevunjika, huyo anaweza kuwa wa baruti, mwache hapo hapo hata kama bei chee. Uvuvi wa baruti ni kosa na umeimaliza miamba yetu vibaya mno, na anayemnunua huyo samaki ndo anayemlipa mlipuaji. Haya, nimetoka nje ya swali kidogo lakini hilo nisingeliacha.

"Anti mambo. Nina mtoko wa kwanza na binti mmoja yuko field pale Ligula hospitali, mi ni fundi simu sokoni. Jumla nina elfu hamsini na hapo nauli imo. Nimpeleke wapi asinione mshamba? Nafikiria hoteli kubwa za Shangani ila naogopa bei."
Fundi, Chikongola

Poa mwanangu. Elfu hamsini ni hela nzuri ukiwa na mpango, na ni hela ya kuaibika ukiingia tu mahali ukaanza kuagiza huku unasoma bei baadae.

Mi ningekuwa wewe ningeenda Mikindani. Ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini, bajaji au daladala, mnafika saa kumi jua limepoa, mnatembea kwenye zile mitaa za zamani, nyumba za mawe, milango ya kuchonga. Pale juu kuna Boma la Wajerumani, lilijengwa 1895, baadae likakarabatiwa likafanywa hoteli, na ukikaa pale unaiona ghuba yote ya Mikindani. Piga simu mapema uulize kama wanapokea watu wasiolala hapo na bei za vinywaji, usione aibu, watu wenye hela ndo wanaouliza bei. Mnakunywa juisi au soda, mnapiga picha, mnashuka. Akikuuliza historia mwambie David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho 1866, na hapo hapo nyamaza, mabinti wengi hawajavaa vizuri kuja kusikiliza habari za Livingstone saa nzima.

Msosi wenyewe mle mkirudi mjini, na hapa ndo nakusihi usiagize kaa wala kamba wa maganda. Mtu mmekutana mara ya kwanza unampa kazi ya kuvunja magamba na mchuzi unatiririka mpaka kwenye kiwiko, hawezi kula kwa raha na hawezi kukwambia. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, au kuku wa kienyeji, kitu ambacho kinalika huku mnaongea. Na muulize kwanza anakula nini, kuna watu wa bara hawali pweza hata kwa dawa.

Kingine usipange mambo ya "tutatembea tembea tutafute pengine". Mji wetu umetawanyika sana, ulipimwa na Waingereza kwenye ule mradi wao wa karanga wa Nachingwea, walijenga bandari wakitegemea litakuwa jiji kubwa, 1951 mradi ukafutwa, sisi tukabaki na barabara pana na vitu vimekaa mbali mbali. Kutoka mgahawa mmoja mpaka mwingine kwa viatu virefu ni adhabu. Chagua sehemu moja, kaa hapo, bajaji mpatane kabisa kwenda na kurudi.

"Habari za kazi. Tulitoka familia watu watano tukaenda kula samaki sehemu moja ya ufukweni hapa Mtwara, sitaitaja. Menyu imeandikwa changu wa kuchoma bila bei, tukaambiwa bei inategemea na saizi, tukakubali. Bili kuja laki na kumi, ndani kuna samaki, kuna sevisi, halafu chini kabisa wameongeza VAT kwa kalamu. Nikaomba risiti ya mashine wakasema mtandao uko chini. Nililipa kwa sababu ya watoto lakini roho inaniuma. Nilikuwa na haki ya kukataa?"
Baba Watano, Magomeni

Pole sana baba, na hongera kwa kutogombana mbele ya watoto ingawa mi ningegombana.

Tuanze na hiyo VAT ya kalamu maana hiyo ndo imenichefua. VAT Tanzania bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na bei anayotajiwa mteja inatakiwa kodi iwe imo ndani tayari, sio unakula ukishashiba ndo unaongezewa. Tena anayeruhusiwa kutoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa hiyo kodi, sio kila mwenye meza na viti. Sasa mtu anakutoza VAT halafu risiti ya EFD, hiyo ya mashine, hakupi, we jiulize hiyo kodi inaenda kulipwa wapi. TRA wana msemo wao kila mtu anaujua, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na ujue hata mnunuzi asiyedai ana kosa, kwa hiyo ukiing'ang'ania hujamfanyia mtu ubaya. Mtandao uko chini, sawa, mwambie naacha namba nitumie picha ya risiti mtandao ukirudi. Mara nyingi unarudi hapo hapo!

Sevisi ni swala lingine, sio kosa kuiweka kama imeandikwa mahali unapoiona kabla ya kuagiza. Kama haikuandikwa popote kataa kwa upole. Na kumpa mhudumu chochote kitu ni hiari yako, huku kwetu hakuna kiwango, ukimwachia chenji ya buku mbili tatu anafurahi na ukiondoka bila kumwachia hakuna atakayekukimbiza.

Sasa huyo samaki. "Bei inategemea na saizi" sio jibu. Samaki wa aina hiyo anatakiwa aletwe mbichi kwenye sinia umwone, apimwe mbele yako, utajiwe kilo shilingi ngapi na kupika shilingi ngapi, mkubaliane ndo aende motoni. Akishachomwa kapungua, hakuna wa kujua alikuwa na kilo ngapi, hapo ushaliwa. Na ukilipa kwa Lipa Namba soma jina linalokuja kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, lifanane na la biashara. Ukiona jina la mtu tu, uliza.

Kuna mwingine kutoka Arusha, yuko huku kwenye ujenzi, ameandika kwa kifupi sana: "Shangazi ni kweli kusini mnakula panya? Mi nakula mishkaki ya barabarani kila siku, naomba uniambie ukweli nisije nikawa nimeshakula."

Hahaha. Hujala mwanangu, kula mishkaki yako kwa amani.

Wanaokula panya wapo na sioni cha kuficha. Ni panya wa porini, wa mashambani, anaekula nafaka na mizizi, sio huyo wa kwenye dari la nyumba yako, na wenyewe wanamwita kwa utani samaki nchanga. Anategwa zaidi baada ya mavuno, anabanikwa mpaka anakauka. Lakini ni kitoweo anachotafutwa na wenye hamu nae, unaulizia, unaelekezwa, na hakuna mtu atakupa kwa siri kwa bei ya ng'ombe, maana anaemtaka analipa vizuri tu. Halafu akiwa kwenye kijiti anajulikana, ana umbo lake. Nilichoka na hili swali zamani ila we umeuliza kwa woga wa kweli nikakuonea huruma.

Badala ya kuogopa panya katafute ming'oko. Ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, kina mama wanauza kwenye mafungu barabarani, unamenya unakula na chumvi na pilipili. Hutaikuta kwenye menyu yoyote ya Shangani na ndo kitu chenyewe cha Mtwara. Ukishamaliza hapo tafuta ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, utaniambia.

"Dear shangazi, mi ni mwanachuo Stella Maris, kuna kafe yoyote Mtwara unaweza kukaa na laptop masaa hata manne, kuna wifi, unakunywa kahawa hawakusumbui? Dar zipo nyingi."
Mwaka wa pili

Za aina ya Dar sikudanganyi, usizitafute. Utakachopata ni sehemu ya chini ya hoteli kubwa, mchana hakuna watu, umeme upo, feni ipo, unaagiza chai au soda unakaa. Nenda saa tano mpaka saa kumi, ikifika jioni watataka meza yao. Wifi yao usiitegemee, weka bando lako. Na omba ruhusa ya kuchaji, kuna sehemu wananuna.

Kahawa ya kweli iko kwenye vijiwe, kikombe kidogo, chungu, na kashata au tende, lakini pale laptop huwezi kufungua maana wazee watakuuliza unaandika nini na mwisho utajikuta unabishana habari za Simba na Yanga mpaka isha.

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu, natokea Mbeya, Mkristo. Nimeambiwa Ramadhani huku ukiwa huna jiko utakufa njaa mchana, migahawa inafungwa yote. Ni kweli? Na nikila nje nitaonekana nawadharau wenyeji?"
Mwalimu, Naliendele

Marahaba mwalimu. Hakuna sheria inayokukataza kula mchana, ila ni kweli mama ntilie wengi wanafunga kwa sababu wenyewe wamefunga na wateja wao wamefunga, atampikia nani. Mjini hutakosa sehemu, zipo zinazoshusha pazia mlangoni, unaingia unakula unatoka, hakuna mtu anakuuliza dini. Kutembea barabarani huku unatafuna sambusa ndo watu hawapendi, na nafikiri hata we usingependa.

Lakini mwalimu unawaza mchana wakati mambo yenyewe ni jioni! Hakuna mwezi wa kula Mtwara na Lindi unaoushinda Ramadhani. Kuanzia saa kumi jioni barabara zinajaa meza, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, vitumbua, kunde, mbaazi, uji wa pilipili manga wenye moto, tende, samaki wa kukaanga, vitu ambavyo miezi mingine unavipata kwa bahati au kwenye nyumba za watu. Nenda kabla ya magharibi, ukichelewa dakika chache baada ya adhana unakuta sinia tupu na muuzaji mwenyewe anafuturu. Beba bakuli lako lenye mfuniko. Na jirani akikuletea futari, atakuletea tu, sahani usiirudishe tupu, weka hata maembe mawili.

Ukipata mwaliko wa kufuturu nyumbani kwa mtu nenda. Mgahawa gani utakupa kile.

"Bi mkubwa habari. Niko huku kwa msimu, nanunua vitu vidogo vidogo napeleka Newala na Tandahimba. Jioni nikirudi Mtwara mjini kuanzia huu mwezi wa kumi na moja baa zimejaa, mhudumu hakuoni, kuku dakika tisini, bei imeongezwa. Kuna nini? Swali la pili, nataka kuonja uraka nimesikia sana sifa zake, ni salama?"
Mpita njia

Kuna korosho, kuna nini kingine. Minada inaanza Oktoba, korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unakaa ghalani mkulima anashika karatasi yake mpaka uuzwe mnadani, kupitia vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa huku Mtwara na Masasi, TANECU hao wa Tandahimba na Newala unakopeleka mizigo yako, halafu hela zinaingia kwenye akaunti ya mkulima kwa mkupuo. Mtu aliyekaa tangu Machi anahesabu miamia leo ana milioni, na ana hamu na kila kitu alichokuwa anapita anakiangalia tu. Muache atumie, ni jasho lake la mwaka mzima. Ongeza wanunuzi, madereva wa malori, watu wa maghala, watu wa benki, wote wanataka kuku saa mbili usiku. Ushauri wangu ni kula mapema, saa kumi na mbili uwe umeshakaa, au agiza kwa simu ukiwa bado njiani. Na ulizia bei kila siku hata pale unapopajua, bei ya jana msimu huu haina maana.

Uraka ni maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyokamuliwa yakachacha, hayajapikwa. Ya leo leo ni matamu, yana ukakasi kidogo, ya kesho yana nguvu, ya keshokutwa ni siki. Kunywa ya siku hiyo, kwa mtu anayejulikana pale mtaani, chombo kisafi, na kunywa kidogo maana linaingia taratibu halafu linasimama ghafla. Vaa nguo ya zamani, doa la bibo halitoki hata ufanyeje.

Ila wakikuambia "kuna kali zaidi", hiyo ni gongo ya mabibo, imepikwa kwa mitambo ya vichakani, ni haramu kisheria na hakuna anaejua ndani kuna nini, watu wamepofuka na kufa kwa pombe za hivyo. Hapo simama uage.

Na kwa kuwa uko huko mashambani, korosho mbichi yenye ganda usiivunje kwa meno kujionyesha. Mafuta ya lile ganda yanababua midomo na ngozi. Kila msimu lazima mgeni mmoja afanye hivyo.

"Shangazi mbona kila siku Mtwara Mtwara, Lindi hatuli?"
Mtu wa Mikumbi, Lindi

Mnakula, tena vizuri, na mna sababu ya kununa. Lindi ndo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla Mtwara haijachukua, watu wa Lindi hilo hawajalisahau mpaka leo na sidhani kama watalisahau.

Mi Lindi naipendea kitu kimoja, mji umejikunja, hauna haja ya bajaji. Jioni unashuka kwa miguu mpaka baharini, mnaangalia boti zinavuka kwenda Kitunda, unaanza na kipande cha pweza na pilipili, mbele kidogo muhogo wa kuchoma, mbele tena samaki wa kukaanga na kachumbari, mpaka unamaliza barabara umeshiba na hujakaa kwenye kiti cha mtu. Watu wa Mtwara hawana hiyo raha, wana vitu vingi zaidi ila vimekaa mbali mbali.

Na asubuhi, mbaazi. Mbaazi za nazi na chapati au maandazi, Lindi wanazipika nzito, nazi ya kwanza inaingia mwisho na haichemki sana. Mnakumbuka 2017 India walipoweka kikomo cha kununua mbaazi za nje, bei ikaporomoka wakulima wa kusini wakabaki na magunia ndani. Ilikuwa balaa kwa mfuko, na nyumba nyingi kitoweo kikawa hicho hicho asubuhi na jioni. Ndo maana mama wa Lindi ukimwambia mbaazi zako hazijaiva anakuangalia vibaya, hizo hana cha kufundishwa.

Kinachonikera Lindi nacho niseme, kulala mapema. Saa tatu usiku majiko mengi yamezimwa, ukishuka na basi la jioni la kutoka Dar umechelewa unabaki na chipsi mayai. Wenye migahawa karibu na stendi lifikirieni hili, mteja yupo na ana njaa.

Ya mwisho ni ya mama mmoja anaesafiri na watoto wadogo wawili kutoka Masasi kwenda Dar, anauliza basi likisimama Mnazi Mmoja, Mingoyo pale barabara ya Masasi inapoungana na ya Lindi na Mtwara, anunue nini na aache nini.

Mama, samaki wa kukaanga ndo sifa ya pale, ila chukua anayetoka kwenye mafuta sasa hivi, usichukue aliyepangwa kwenye sinia tangu basi la asubuhi, hata muuzaji akikuapia. Ongea nae dirishani basi likiwa linasimama, mwambie "nataka wa moto", atakimbia kukuletea, wanajua. Kwa watoto ndizi mbivu, korosho za kukaanga, na dafu akikata mbele yako. Juisi za kwenye chupa za kujazia waachie wenye matumbo magumu, safari ni ndefu na dereva hasimami kila mtoto akilia. Korosho onja moja kabla ya kulipa, zikiwa na harufu ya mafuta ya zamani rudisha. Na hela iwe mkononi imeshahesabiwa, ya kamili, maana basi likianza kuondoka chenji yako nayo imebaki Mingoyo.

Maswali ya mwezi ujao yaleteni mapema. Nimeshaona kuna mtu anauliza kamba kochi wa Msimbati, huyo nitamjibu kwa urefu.